Deni Himilivu la Fundi Pindo

Gizani, kabla jogoo yeyote hajajisumbua, friji lilikohoa. Likakoroma kidogo, likatetemeka, likagonga ukuta mara mbili kama mgeni anayebisha hodi hali yuko ndani tayari. Fundi Pindo akafungua macho. Hakuhitaji kuwasha taa kujua kilichomo: jagi la maji, nusu kitunguu, na baridi. Baridi ya kutosha ukoo mzima, na yote ameilipia.

Ubavuni mwake bintiye alikuwa amelala fofofo, mguu mmoja juu ya tumbo la mama. Mtaa mzima ulimwita Kifungo, kwa sababu tangu ajue kutembea hajawahi kukaa mbali na mama yake kuliko kifungo kinavyokaa mbali na tundu lake. Alikuwa na miaka mitano, na kwa miezi miwili sasa alikuwa na kazi. Tutaifikia.

Jina la Pindo alipewa na wateja. Alianza kwa kukunja mapindo ya suruali za watu wafupi, akapanda hadi magauni, akapanda hadi mapazia, mpaka akaona cherehani ya miguu imemchosha. Akakopa, akachukua ya umeme. Kwa miezi saba alilipa rejesho lake kwa tarehe, elfu sitini, bahasha imeshafungwa kabla mdai hajakunja kona. Mwezi wa nane nyumba moja ya wageni ikamlipa fedha za mapazia ya vyumba kumi na viwili, zote kwa mkupuo.

Fedha ya mkupuo ina ulevi wake. Pindo aliingia dukani kuuliza bei tu, maana kuuliza hakuna kodi, akatoka na friji. Friji likataka kifaa cha kulikinga na umeme unaoruka. Kifaa kikataka meza. Meza ikaonekana iko uchi, ikataka kitambaa. Majirani wakaja kulipongeza friji, na friji halipongezwi kwa maji ya uvuguvugu, wakataka soda. Hadi mwezi unakwisha, Pindo ambaye kila siku huwafundisha wenzake kupima mara mbili na kukata mara moja, alikuwa amekata bila kupima kabisa. Rejesho la mwezi wa nane halikulipwa. La mwezi wa tisa likaona mwenzake amenyamaziwa, likanyamaza nalo.

Sasa chini ya mkasi wake kulikuwa na barua. Jumamosi, saa sita mchana, alipe angalau rejesho moja na aseme la pili atalilipaje, la sivyo cherehani inachukuliwa. Barua yenyewe ilikuwa na heshima zote, imeanza kwa kumtakia afya njema. Na Jumamosi ndiyo hiyo iliyokuwa ikipambazuka.

*

Chumba cha mbele cha Pindo ndicho duka lake, na nyuma ya pazia ndiko nyumbani. Nje, kati ya mlango wake na karakana ya seremala, kulikuwa na baraza, na barazani palikuwa na kijiwe. Benchi lake lilitengenezwa na seremala mwenyewe, aitwaye Msumari kwa sababu ya ulimi, si kazi. Mguu mmoja wa benchi ulikuwa mfupi. Msumari alidai aliufupisha makusudi ili watu wasikae sana. Miaka sita hakuna aliyeondoka.

Muuza kahawa waliyemwita Birika alikuwa ameshawasha jiko. Na kwenye ncha ya benchi, ile iliyoinuka, alikaa Waziri. Huyu alikuwa karani mstaafu, na uwaziri wake ulikuwa wa fedha: hapakuwa na bajeti asiyoielewa ila ya nyumbani kwake. Alikuwa na gazeti la siku hiyo aliloliazima kwa muuza magazeti wa kona, kwa sharti asilikunje na alirudishe kabla ya saa nne. Ilikuwa saa tano.

"Deni la taifa," akasoma kwa sauti ya kuhutubia, "bado ni himilivu."

Msumari akasimamisha randa juu ya ubao. "Bado ni nini?"

"Himilivu."

"Hilo ni jina la mtu au la ugonjwa?"

"Ni neno la kitaalamu, ndugu yangu. Wewe endelea na mbao zako."

Lakini Waziri hakuwahi kukosa sababu ya kufafanua, na hakungoja aombwe. Akaeleza kwamba deni likiwa himilivu maana yake ni kuwa unaweza kulibeba bila kuanguka. Gazeti lilisema kuna mkopo mpya umechukuliwa kwenda kulipa mkopo wa zamani, na kipande kilichobaki kitanunua magari ya kamati mpya ya kubana matumizi.

"Kamati ya kubana matumizi inanunuliwa magari," Msumari akarudia taratibu, kama mtu anayeonja kitu asichokiamini.

"Sasa watabana nini kwa miguu?"

"Wabane pumzi."

Hata Birika akacheka, na Birika si mtu wa kucheka bure. Hucheka ukiwa umelipa. Ndani, mguu juu ya pedali, Pindo naye akatabasamu kidogo huku akipitisha mshono wa gauni la mtu. Kifungo alikuwa amekaa kizingitini akipanga vifungo kwa rangi ndani ya kifuniko cha bati.

Basi neno likaingia kijiweni kama mgeni mwenye zawadi, kila mtu akitaka akae naye. Msumari akauliza kama hata yeye deni lake la dukani kwa muuza mbao linaweza kuwa himilivu. Waziri akamwambia lazima lipimwe.

"Unalala usiku?"

"Nalala."

"Unakula?"

"Nikipewa."

"Himilivu."

"Na muuza mbao? Maana nasikia yeye halali."

"Hayo," Waziri akasema, akifungua ukurasa wa pili kwa uangalifu, "ni mambo ya ndani ya nchi nyingine. Hatuyaingilii."

Wakaendelea hivyo. Msumari akagundua kwamba karo ya wanawe ni himilivu, kodi ya karakana ni himilivu, na hata mahari ambayo hajaimaliza kwa mkwewe kwa miaka kumi na minne ni himilivu kupita kiasi, maana mkwe mwenyewe amezeeka akaisahau. Waziri akampongeza kwa kuwa na uchumi imara.

Birika alikuwa akisuuza vikombe. Akavipanga, akafuta mikono, akasema kwa upole:

"Nina swali dogo, mheshimiwa. Hilo neno si linatokana na kuhimili?"

"Barabara."

"Mzigo ukiwa unahimilika, kuna kichwa kimeubeba. Mimi nauliza ni kichwa cha nani."

Birika akachomoa daftari chini ya sinia, akalowesha kidole, akalifunua.

"Waziri, vikombe thelathini na nane. Elfu kumi na tisa. Msumari, ishirini na viwili, elfu kumi na moja. Nyinyi mnalala, mnakula. Anayehimili ni mimi."

Sasa, watu wakibanwa hutafuta aliyebanwa zaidi yao, wamsogeze mbele. Waziri akakohoa, akageuzia sauti yake mlangoni kwa Pindo, akasema kwamba kama ni habari ya madeni, humo ndani kuna moja lenye barafu. Msumari akadakia: ndiyo deni pekee mtaani linaloweza kukaa wiki nzima bila kuoza. Benchi likayumba kwa kicheko.

"Chekeni," Pindo akajibu bila kuinua kichwa. "Langu angalau lina mlango, ukilifungua linawaka taa. Ya kwenu yako gizani."

"Haya, mwacheni fundi mwenzangu," Msumari akasema, roho ikiingiwa na huruma kwa kuchelewa, kama kawaida yake. Kisha, ili abadili mazungumzo, akaongeza jambo ambalo lingefaa kusemwa siku mbili kabla. "Kwani fundi, yule mama wa aproni ulimpata?"

"Mama gani?"

"Wa Alhamisi. Mwalimu mkuu wa ile chekechea yenye ukuta wa kijani. Alitaka aproni arobaini za watoto, na malipo nusu anatanguliza. Kifungo akamwambia hupo."

Cherehani ikasimama katikati ya mshono.

Hapa ndipo tuifikie ile kazi ya Kifungo. Aliyekuwa akimdai Pindo alikuwa dada mmoja wa ofisi ya mikopo, ambaye kijiwe kilimwita Dada Upole. Hakuwahi kupaza sauti, hakuwahi kununa, hakuwahi kusahau jina la mtoto wa mtu, na kwa ajili hiyo kila mwenye deni alimwogopa kuliko mbwa. Pindo aliposikia sauti yoyote ya kike yenye adabu ikikaribia, aliinua mguu kwenye pedali na kupotelea nyuma ya pazia. Kifungo alisimama mlangoni, mikono nyuma, kidevu juu, na kusema maneno aliyofundishwa kama shairi la shule: Mama hayupo. Aliyasema vizuri mno. Na kila alipoyasema, Pindo kule nyuma alihisi kama sindano imepita kitambaa ikafika kidoleni. Mtoto aliyemfundisha kusema asante na samahani, sasa alikuwa amemfundisha na hili.

Alhamisi alisikia sauti ya kike yenye adabu. Hakuchungulia. Alikaa kitandani nusu saa akihesabu maua ya pazia.

Akatoka mlangoni, sentimita ya kupimia ikiwa bado shingoni. "Aliacha namba?"

"Aliacha," Msumari akasema. "Niliiandika kwenye ubao."

"Ubao uko wapi?"

Msumari akajikuna kisogo kwa penseli. Ubao alikuwa ameshaukata. Tarakimu nne za mwanzo zilikuwepo, angeweza kuzionyesha, ziko chini ya rafu. Zilizobaki zilikuwa chini ya kigoda, na kigoda kilinunuliwa jana na mtu asiyemjua.

"Na kitambaa cha mfano? Hakuacha kitambaa?"

"Kile cha bluu? Aliacha, nilikiweka mahali pazuri kabisa, nikasema..." Msumari akatazama mkono wake. Mkononi alikuwa na tambara la kufutia vanishi. Chini ya vanishi, kwa mbali, lilikuwa la bluu.

Waziri akaanza kucheka, akaona uso wa Pindo, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Pindo akaenda akakaa kwenye benchi, upande ule mfupi. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa nje mchana kwa miezi miwili. Akamtazama Kifungo kizingitini, aliyekuwa amegundua kwamba kuna jambo baya na hajui kama ni lake.

"Hukukosea, mwanangu," akamwambia. Kisha akawageukia wengine. "Nimemkimbia anayenidai, kumbe nimemkimbia na aliyekuja kunilipa."

Ikawa kamati. Waziri akaweka gazeti chini na kupendekeza aende ofisi nyingine ya mikopo akope ya kulipia hii, ndivyo mataifa makubwa yanavyofanya, tena kwa sherehe na picha.

"Taifa halina cherehani, mzee wangu," Pindo akasema. "Mimi ninayo moja."

Msumari akashauri asafiri. Kwenda wapi, hakusema. Birika hakushauri kitu, aliangalia jua. Ilikuwa saa tano na nusu. Pindo naye alikuwa akipiga hesabu kwa vidole juu ya paja, alivyozoea kukadiria kitambaa. Ukuta wa kijani haukatwi kwa msumeno: Jumatatu asubuhi angekwenda mwenyewe kumtafuta yule mwalimu, aombe radhi, aombe kipimo. Lakini kushona aproni arobaini kunataka cherehani, na cherehani inataka leo.

"Nauza friji," akasema.

Birika akageuka taratibu sana, na alivyogeuka taratibu wote wakajua kwamba jambo hili aliliota zamani. Akakiri kuwa siku nyingi amewaza: kahawa yake ikimwunguza mteja ulimi, mteja huyo huyo amuuzie maji baridi. Faida mara mbili kwa mdomo mmoja. Wakavutana bei. Pindo akataja laki mbili na nusu, Birika akataja kasoro za friji ambazo hata friji lenyewe halikuzijua, wakakutana kwenye laki mbili.

"Laki moja leo," Birika akasema, "na iliyobaki kidogo kidogo. Usijali, mama Kifungo. Ni deni himilivu."

Msumari akalazimika kushika nguzo kwa kucheka.

"Sawa," Pindo akasema. "Lakini liandike. Kwenye daftari lako, kwa mkono wako."

Na kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kiwe kijiwe, Birika akaandika jina lake mwenyewe kwenye orodha ya wadaiwa. Aliliandika dogo dogo, chini ya la Waziri, akalitazama kama mtu aliyejiona kwenye picha ya maiti. Kisha akalimwaga kopo lake la fedha kwenye sinia, wakahesabu. Elfu sabini. Ilipungua elfu thelathini.

Daftari lilikuwa wazi, na mtoto wa darasa la pili angeweza kujumlisha kumi na tisa na kumi na moja.

Msumari akalipa. Tuseme ukweli, alilipa bila kusukumwa. Alitoa fedha ya kigoda, ile ile iliyoondoka na nusu ya namba, akaiweka kwenye sinia huku akikwepa kumtazama Pindo. Yakabaki macho yote kwa Waziri.

Waziri akaapa. Pensheni haijatoka. Imekwama ofisini, mfumo uko chini, karani amesafiri, yeye mwenyewe alikuwa karani anajua mambo haya. Akageuza mifuko ya suruali nje, yote miwili, ikaning'inia kama masikio ya mbuzi.

Fundi mwema hasemi siri ya mteja. Pindo alilijua hilo kuliko wengi, maana ameshapunguza na kupanua viuno vya mtaa mzima na hajawahi kutaja kipimo cha mtu. Lakini kuulizia hali ya kazi yake, hilo ni haki ya fundi yeyote.

"Mzee wangu," akasema kwa sauti ya chini, "ile zipu niliyokuwekea Jumanne. Haikwami?"

Mkono wa Waziri ukaenda kiunoni wenyewe, bila kumshauri.

"Zipu gani?" Msumari akauliza.

"Zipu tu," Pindo akasema. "Nauliza kazi yangu."

Waziri akasimama, akaikung'uta suruali yake vumbi ambalo halikuwepo, akazunguka nyuma ya karakana. Walisikia zipu ndogo ikifunguka. Aliporudi alikuwa na noti zilizokunjwa mara nne, zina joto la mwili, na uso wa mtu aliyetoka kutia saini mkataba mbaya.

"Hii ilikuwa akiba ya dharura," akatangaza. "Hata mke wangu hana taarifa nayo."

"Hatutamwambia," Birika akasema, akizipokea kwa ncha za vidole. "Hayo ni mambo ya ndani ya nchi nyingine."

Laki moja ikawa mkononi mwa Pindo. Rejesho moja zima na zaidi ya nusu ya la pili. Haikutosha kujivuna nayo, ila ilitosha kusimama nayo. Akaikunja, akakumbuka kitu.

"Na fedha ya kushona huo mfuko, mzee wangu? Tangu Jumanne."

Waziri alikuwa ameshakaa, amelichukua gazeti lake la kuazima, amejifunika nalo uso.

"Hiyo, binti yangu," akasema kutoka nyuma ya habari za uchumi, "bado ni himilivu."

Kabla kicheko hakijafika mwisho kikakatika. Kwenye kona alikuwa ametokea Dada Upole, mkoba kwapani, viatu vya kutembelea, akisalimia kila mlango kwa jina. Msumari akakumbuka randa. Birika akaanza kusuuza vikombe visafi. Hata gazeti la Waziri likapanda juu kidogo.

Mguu wa Pindo nao ukakumbuka. Uligeuka wenyewe kuelekea pazia, kisigino kikiwa kimeshainuka, na kwa muda mfupi kabisa nusu ya Pindo ilikuwa tayari kitandani ikihesabu maua. Hakuwa ameandaa maneno. Hakujua aanze na aproni au na friji, wala kama mtu akivunja ahadi mara mbili huruhusiwa kuleta ya tatu. Akakikanyaga kisigino chini.

Dada Upole hakumwona. Hakutarajia kumwona kwenye benchi la wanaume. Alikwenda moja kwa moja kizingitini, kama alivyozoea, akainama mbele ya mtoto.

"Hujambo, Kifungo. Vifungo vya leo vizuri sana. Mama yupo?"

Kifungo akaweka kifuniko cha bati chini. Akasimama, mikono nyuma, kidevu juu, akavuta pumzi kama afanyavyo siku zote. Akatazama pazia. Chini yake hapakuwa na miguu ya mtu. Akatazama benchini, na pale mama yake alikuwa akiinuka, sentimita shingoni, noti amezishika kwa mikono miwili mbele ya watu wote, akimtazama yeye.

"Mama yupo," akasema.